Aliyekiliza King'ora cha Gesi Si Mama Yangu

Stergios,

Ukitoka kuogelea na Fotini, kahawa iko kwenye chupa. Usiwashe jiko, mtungi nimeufunga. Acha madirisha ya karavani wazi.

Nimemfuata mama yangu kituo cha basi. Hivi ulijisikia ulivyosema asubuhi? King'ora kinalia, yeye yuko nje na gauni la kulalia, kambi nzima ya likizo inatazama, nawe unapaza sauti: "Mama Evdokia, siku ya tatu hii unaacha gesi wazi! Utatuua!" Mama aliingia ndani. Alivaa, akachukua mkoba, akaondoka.

Basi nilipaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi na viungo vyote, nione kama vinavuja. Hapakutoka hata povu moja. Nikapiga magoti pale chini kilipofungwa king'ora, nikakuta nini chini ya kitanda? Kopo lako la dawa ya sisimizi, ile inayosukumwa na gesi. Nikapuliza kidogo tu, kikalia mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kumbe siku tatu unapuliza wewe, kisha unamgeukia mama wa watu!

Kopo nimelitoa nje. Sisimizi wafagie. King'ora usikizime, hakina kosa.

~~Ukiona vyema, muombe radhi.~~ Utamuomba radhi, hapo hapo nje, kwa sauti ile ile, majirani wakisikia.

Fotini mwanangu, mtandikie bibi kitanda chake.

Basi la Thesaloniki linaondoka saa tano. Nikilikuta limeondoka, nitapanda linalofuata, na sirudi bila yeye.

~~Mkeo~~
Binti yake