Merikebu Iliyoozesha Mpunga Wetu

Jumamosi, alasiri, Ruaruke. Mvua imekatika lakini jua halijatoka. Chai niliyojipikia imepoa, sijaionja.

Nina hasira. Naandika ili nisije nikamjibu vibaya mtu asiyehusika.

Asubuhi nilikuwa Salale na Mama. Kule kwenye mikoko kuna mabaki ya merikebu ya biashara ya karne ya kumi na tisa. Sehemu kubwa imezama topeni, zimebaki mbavu chache za mbao. Kikundi kimoja cha utalii kimesimamisha bango la historia yake, wageni wakija wasome. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwezi uliopita waliniletea maandishi niyasahihishe. Leo wakaniomba niyasome mbele ya watu.

Bango linaanza vizuri. Merikebu ilikuwa na milingoti mitatu. Ilileta vitambaa na nyaya za shaba, ikaondoka na pembe za ndovu, utomvu wa sandarusi na boriti za mikoko. Ilipochakaa iling'olewa milingoti, ikafungwa hapo hapo isiende tena popote. Sina ugomvi na hayo.

Kisha nikafika kwenye sentensi hii: "Wakati wa machafuko ya Maji Maji, merikebu ilitumika kuhifadhia chakula cha wananchi."

"Rudia hapo," Mama akasema.

Nikarudia. 

"Wananchi gani hao? Nani alikila?"

Akasimama mwenyewe, akawasimulia.

Mama anakaribia miaka themanini. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwanamtumu, aliyekuwa binti mdogo wakati wa vita ile. Wazee wake waliteremka kutoka vilima vya Umatumbi wakaja kulima mpunga bondeni. Askari wa Wajerumani walipofika, nyumba walizichoma, lakini mpunga hawakuuchoma. Waliuzoa wote, wakawalazimisha wenyewe kuubeba kichwani mpaka kwenye merikebu. Mama yake Mwanamtumu aliupakia mpunga aliouvuna kwa mikono yake, bunduki ikiwa imeelekezwa mgongoni kwake.

Merikebu ilikuwa inavuja. Mpunga ukalowa, ukachipua, ukaoza. Watu waliokuwa wakichimba mizizi ya ming'oko porini ili wapate cha kutia mdomoni waliusikia uvundo wake, na hawakupewa hata pishi moja. Mwishowe askari waliumwaga majini. Siku hiyo mdogo wake Mwanamtumu alikuwa ameshazikwa. Njaa.

Mama aliyasema haya bila kupaza sauti. Akina mama wa Salale waliacha hata kupiga mbu.

Kassimu, aliyeandika bango, akatabasamu. "Bi mkubwa, hayo tunayajua. Ila wageni wanakuja kupumzika, tusiwatie simanzi."

"Mimi sikuja kupumzika, mwanangu."

Kassimu akanigeukia mimi. "Mwalimu mwenyewe aliyapitia. Hakusema kitu."

Ni kweli.

Nitaandika hapa kwa kuwa pale nilishindwa kusema. Maandishi yaliponifikia yalisema "kuhifadhi chakula." Nikaongeza herufi moja, ikawa "kuhifadhia", nikaridhika na nafsi yangu. Habari ya mpunga ule nimeisikia tangu utotoni, Mama akipepeta mchele nami nikiokota chuya. Niliijua yote. Lakini chini ya bango kulikuwa na jina langu, na nilipenda lilivyokaa.

Niliuona uongo, nikausahihisha sarufi.

Mama alinipita. Kisha akavua kanga ya begani, akaitandaza juu ya bango, akaifunga nyuma kwa mafundo mawili. Kassimu akanyoosha mkono aiondoe. Bibi mmoja wa pale akainuka kwenye mkeka.

"Iguse uone."

Mkono ukarudi. Sisi tukaondoka.

Kwenye boti nilimwambia Mama anisamehe. Akaniuliza akitazama maji.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Tukafika nyumbani. Alipita moja kwa moja jikoni. Nimemkasirikia Kassimu na tabasamu lake, nimewakasirikia wale askari ambao hata mifupa yao haipo, lakini kila nikigeuka nakutana na mimi mwenyewe. Nawafundisha watoto wa watu lugha, halafu lugha hiyo hiyo naitumia kufukia wafu wetu mara ya pili!

Kikundi kinakutana Jumatatu. Sikualikwa, nitakwenda. Sentensi mpya nimeshaiandika: "Wakati wa Vita vya Maji Maji, askari wa Wajerumani waliwapora wakulima mpunga, wakauacha uoze ndani ya merikebu hii huku wenye mpunga wakifa njaa."

Sasa hivi nimetoka kumsomea Mama pale jikoni. Alikuwa anachambua matembele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, Mama, kila boti ya wageni itakayofika itanikuta nimesimama pale, nayasema kwa mdomo wangu."

Akalitupa jani bovu, akachukua jingine.

"Basi njoo ule kwanza," akasema.