Sikumsomea Kichwa cha Habari

Jumapili, Julai. Jua lipo lakini ni la picha tu, halipashi kitu. Nimevaa soksi mbili na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Bellevue nzima, mtaa wetu huku ugenini, inanuka moshi wa mbaula, yale majiko ya debe ya makaa.

Leo nimemdanganya mdogo wangu. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nianze na kazi yangu. Tangu Machi, mwalimu mmoja wa chuo pale Doornfontein ananipa picha za magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika, yale ya kati ya vita vikuu viwili, nimtafsirie kwa Kiingereza. Anachokifuatilia ni neno moja tu: wahuni. Lilitumikaje, lilimwangukia nani. Mimi nilidhani nalijua. Kwetu Tanga mhuni ni mvuta bangi wa kona, au shemeji yako unapomtania. Kumbe kwenye magazeti yale mhuni alikuwa mtu yeyote aliyekuja mjini bila mke, bila nyumba, bila kazi ya kudumu. Serikali ikiwakamata na kuwarudisha vijijini, gazeti linaandika wahuni wameondolewa, basi. Na wengi waliokuwa wakiandika hivyo ni weusi wenzao, makarani na walimu, nao wametoka shamba juzi tu! Iliniuma.

Mwezi uliopita nikakutana na barua ya mpakuaji mizigo wa bandarini. Anamweleza mhariri kwa adabu zote kwamba yeye si mhuni, anafanya kazi meli zikija, kodi analipa. Barua wameichapa yote. Ila kichwa walichoiwekea kinamwita mhuni. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikatafuta neno la Kiingereza, lile la wazururaji, nikaliandika, nikaendelea na ukurasa mwingine.

Sasa Athumani. Mdogo wangu ni mlinzi wa nyumba za geti kule Randburg. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi, lakini taksi inamfikisha saa kumi na moja, basi anakaa ukingoni mwa barabara, koti juu ya yunifomu, anakunywa chai yake. Wiki tatu zilizopita gazeti la bure la mtaa ule likatoa picha ya wazururaji wanaowatia hofu wakazi. Katikati, na kikombe mkononi, yupo Athumani. Geti lenyewe ndilo analolinda! Eish, nilitukana siku ile. Bosi akamsimamisha kazi. Akamwambia, gazeti lenyewe likisema wewe si mmoja wao, rudi.

Kiingereza cha kusikia Athumani anacho. Cha kusoma, hapana. Kwa hiyo barua niliandika mimi. Niliandika kwa adabu, nikaeleza zamu, taksi, chai. Nilijiona fundi kweli.

Jana gazeti limetoka. Barua ipo yote, hata mkato hawakugusa. Juu yake, kwa herufi nene, wameandika kwamba mzururaji anajibu. Neno lile lile la Kiingereza nililolichagua mimi mwezi uliopita.

Nikamwandikia mhariri papo hapo.

Leo mchana akaniomba nimsomee kwa sauti pale jikoni. Mama Gloire, Mkongomani wa chumba cha mbele, alikuwa anamsuka mteja. Akaacha, akaja kusikiliza. Nikasoma, nikawafasiria mstari kwa mstari. Mama Gloire akapiga makofi. "Athu, sasa uko muntu wa gazeti! Patron atakuomba pardon!" Yaani bosi atamwomba msamaha.

Athumani akaweka kidole juu ya zile herufi nene. "Na hapa, dada?"

"Barua ya msomaji," nikasema.

Ningeweza kusema kweli. Nilimwangalia anavyotabasamu, wiki tatu hajatabasamu, nikashindwa. Na hata ningesema, ingemsaidia nini? Mhariri nimemwandikia mara mbili tangu jana. Nimejibiwa na mashine kwamba ofisi inafunguliwa Jumatatu. Gazeti limeshatupwa kwenye kila geti la Randburg. Sijui bosi atasoma barua au atasoma kichwa. Najua mimi mwenyewe, ile barua ya mpakuaji, nilianza kusoma nini.

Baada ya chakula Athumani alichukua gazeti akaenda duka la fotokopi. Amerudi na ule ukurasa umepigwa laminesheni, kichwa na vyote, usije ukakunjika kwenye begi. Kesho asubuhi anampelekea bosi. Hivi ninavyoandika anapiga pasi yunifomu chumbani kwake na kuimba.

Nimenyanyuka nikaenda kumwambia. Nimefika mpaka mlangoni, mdomo nimeshaufungua. Akageuka, shati amelivaa, limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Dada, kola imekaa?"

Nikamwambia imekaa.