Waraka Wangu Umepigwa Muhuri

Bi Mwamvua mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako katika ukurasa wako wa gazeti, na naomba jibu lije upesi, maana mwisho wa mwezi huu nitakuwa nimefukuzwa chuo, au nimeposa, au yote mawili, sijui, na bado nacheka peke yangu njiani kama punguani.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu katika chuo kimoja hapa Tanga, kwetu ni Moa, na kila alasiri baada ya masomo nafanya kazi katika maktaba ya chuo, kwenye chumba cha nyaraka za kale, ambamo mna masanduku ya barua za wafanyabiashara na maliwali wa zamani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msimamizi wetu, Bwana Eliudi, ni Mbondei wa Muheza, mtu mwema lakini mkali, na herufi hizo hajui hata moja, ndiyo maana tuliajiriwa wanafunzi wawili tuliosoma Kurani utotoni, mimi na Asmahani, binti wa Makorora. Kazi yetu ni kusoma kila waraka na kuujazia kadi: mwandishi ni nani, aliyeandikiwa ni nani, na mjumbe aliyeupeleka ni nani, maana wazee hawakutuma barua bila kumtaja aliyeichukua.

Sasa Bi Mwamvua, Asmahani akisoma huchezesha midomo bila kutoa sauti, basi mimi nikaona midomo hiyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu nikawa sina changu. Kusema naye siwezi, Bwana Eliudi huketi katikati yetu na kila kikaratasi kinachopita mezani hukisoma, ndipo nikapata akili kwamba nikimwandikia kwa herufi za Kiarabu mzee hataambulia kitu. Nikachana karatasi tupu iliyokuwa nyuma ya barua moja ya zamani ili waraka wangu ufanane na nyingine, nikatengeneza wino wa masizi kama ule tuliochovyea kalamu za matete kwa maalimu, nikaandika kwa mtindo wa wazee, "baada ya salamu nyingi, hali yangu si hali tangu nikuone ukishuka kwenye baiskeli ya kaka yako," jina langu sikutia wala lake, kwa hadhari, nikaufukiza udi, nikautia katika sanduku la saba ambalo kesho yake ilikuwa zamu ya Asmahani kulifungua.

Kesho yake Asmahani hakuja! Alikwenda Pangani kwenye harusi ya binamu yake, na sanduku akalifungua Bwana Eliudi, akaona waraka ambao haumo katika orodha yake, akaruka kwa furaha, akaugonga muhuri wa chuo, akaupa namba, akamwita Mkuu wa chuo, Mzungu wetu, naye akaja na kioo chake cha kukuzia maandishi, akauangalia, akaunusa, akasema, "Ajabu! Harufu imedumu miaka sabini!" Mimi nimesimama pale na ufagio mkononi, nimeuma ulimi nisicheke wala nisilie.

Asmahani aliporudi akapewa ausome. Aliusoma wote ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka, akatoka kwenda kunywa maji, akarudi akasema, "Bwana Eliudi, aliyeandika waraka huu alikuwa mwoga sana," na Bwana Eliudi akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake! Kisha akajaza kadi, nami nimeinakili: Mwandishi, hajajitaja. Aliyeandikiwa, ameupata. Mjumbe, bado hajatumwa. Naona ananidhihaki, maana tangu siku hiyo hanitazami, akinipita anaziba mdomo kwa mtandio na kucheka.

Siku ya wageni, mwisho wa mwezi huu, waraka utawekwa chini ya kioo na Asmahani ameagizwa ausome kwa sauti mbele ya Mkuu wa Jimbo na wazee wa mji, na baba yake, Maalimu Msafiri, ataketi mstari wa mbele, naye hakuna khati inayomshinda, na baiskeli ile anaijua, inalala ukumbini kwake! Watu wa miaka sabini iliyopita walipanda baiskeli gani? Nikisema kweli nitafukuzwa, maana kuharibu nyaraka ni kosa kubwa kwetu, na nikinyamaza, binti wa watu ataaibika mbele ya baba yake. Mwenzangu wa bwenini, Tadeo, anashauri niuibe niutafune, kisha nipande basi la Horohoro nivuke mpaka. Bi Mwamvua, nifanyeje?

Ni mimi, niliyenasa.

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka mjukuu wangu kaja kuuliza kulikoni. Majina ya watu wote nimeyabadilisha, ingawa kwa ulivyomwaga habari, hata kuku wa Makorora wameshajua ni chuo gani.

Sasa nikugombeze. Karatasi uliyochana ilikaa salama tangu enzi za babu zako, mvua haikuiharibu, mchwa hawakuila, kaja kuichana mlinzi wake kwa ajili ya midomo. Aibu! Na huyo Tadeo asikupe ushauri tena. Waraka uliogongwa muhuri si wako tena, ukiutafuna ni wizi, na masizi yatakuumiza tumbo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya masomo, nenda kwa Bwana Eliudi akiwa peke yake. Mwamkie vizuri, usikae mpaka akukaribishe, umwambie yote, ukianza na ile karatasi. Jina la binti usilitaje, akikuuliza mwambie hilo huna ruhusa nalo. Omba kazi ya likizo nzima, kufuta vumbi masanduku yote bila malipo. Atafoka, muache afoke. Lakini mtu aliyeshangilia udi wa juzi, na Mzungu aliyeuhesabia miaka sabini, watashukuru kujua kabla Mkuu wa Jimbo hajainama kunusa naye. Sidhani watakufukuza, wakikufukuza watalazimika kueleza sababu.

Tena hebu fikiri. Binti angetaka kukuumbua angetamka neno moja tu, baiskeli, na mambo yangekwisha siku ile ile. Hakutamka. Akatoka kunywa maji, akarudi kukuandikia jibu, akaliweka mahali ambapo ni wewe peke yako ungelielewa, nawe ukalinakili kwa mkono wako, ukanitumia mimi, na usilielewe! Soma kadi ile tena, mwanangu. Ameupata. Anangoja ujitaje. Anangoja mjumbe.

Basi ukitoka kwa Bwana Eliudi, andika barua kwenu Moa. Mtake ami yako mtulivu kuliko wote, aje na kanzu safi, aende Makorora kwa Maalimu Msafiri baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya hiyo siku ya wageni. Achukue barua ya posa kwa karatasi mpya ya dukani. Udi acha. Mficha uchi hazai, kwa hiyo jina lako liandike juu, uliandike na chini, hata katikati ukipenda.

Maana barua hii uliyoniletea mimi, kurasa nne mbele na nyuma, nimeigeuza mara tatu nikitafuta jina lako nikujibu kwa heshima. Halimo.