Kumfundisha Gi-tae Kunywa

Kwa dada yangu mpendwa Ok-bun,

Pokea salamu nyingi kutoka Gunsan. Goti lako linaendeleaje? Langu bado linalalamika kila nikipanda ngazi, lakini mdomo ni mzima, kama unavyonijua.

Gi-tae aliingia jeshini jana. Unakumbuka marehemu mume wangu Dal-ho aliahidi kumfundisha mwanawe kunywa kabla hajaenda, kama yeye alivyofundishwa na baba yake, ili asije akaaibika mbele ya wakubwa. Basi kazi hiyo ikaniangukia mimi, ambaye kwa umri wote huu sikuwahi kukanyaga baa. Nilizoea kusimama nje na kumwita kupitia dirisha.

Tulikwenda juzi jua likiwa bado lipo, kwenye baa ileile aliyoizoea Dal-ho karibu na bandari. Kichwa cha Gi-tae kilikuwa kimenyolewa, masikio yamechomoza kama mishikio ya sufuria. Niliagiza pombe ya soju na ngisi mkavu kwa sauti ya mtu anayenunua mafuta ya taa. Kisha nikaanza somo: nikajimiminia mwenyewe, nikashika glasi kwa mkono mmoja, nikamwambia anapokunywa anitazame usoni, asiwe mwoga. Akafuata yote. Watu wa meza ya jirani wakaanza kukohoa; kumbe yote yalikuwa kinyume cha adabu.

Mwenye baa, mzee Pil-su, akashindwa kuvumilia. “Shemeji,” akasema, “ukimfundisha hivyo watamrudisha kabla ya chakula cha mchana.” Akachukua chupa, akammiminia Gi-tae. Hapo mtoto akajisahau. Alipokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni ndipo akanywa, kisha akammiminia mzee kabla hajaombwa. Nilimwona Dal-ho mwenyewe.

Nikamuuliza nani amemfundisha. Akainama, akasema ni baba, kule hospitalini, kwa maji na vikombe vya dawa, siku nilizorudi nyumbani kufua.

“Alisema utanileta wewe,” akaniambia. “Alisema, ‘Jifanye hujui kitu. Mwache mama yako akufundishe, nikishaondoka atakuwa amebakiwa na kazi chache.’”

Dada, mlinisifu kwa ushupavu siku ya mazishi. Ukweli ni kwamba chozi lilikataa kutoka, nami nikaogopa kuwaambia. Lilitoka pale, juu ya sahani ya ngisi. Gi-tae akageuza uso pembeni, kama impasavyo kijana mbele ya mkubwa wake, mpaka nilipomaliza.

Msalimie shemeji. Nikija kwenu, asiguse chupa. Nitammiminia mimi, kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Mal-sun