Roho Uliyoiita Loho

Kato rafiki yangu,

Nimekukasirikia tangu asubuhi, na usiniambie marehemu hasemwi vibaya. Wewe nitakusema.

Baada ya matanga mkeo alinipa kompyuta yako. "Chukua, dada, mimi sijui michezo yenu." Mashine yako ya zamani ya gemu ilikufa kabla yako, lakini uliniapia kwamba timu yetu ya mpira iko salama humo kwenye kompyuta. Ile tuliyoiunda kwenye kibanda chako cha gemu Katwe, mafundi wa jirani wakigonga mabati hadi hatusikii firimbi ya refa. Ilibaki fainali tu. Nilitaka kuiona tena, Kato, maana katika picha zote nilizonazo umevaa suti ya harusi na hufanani na wewe.

Programu inayoiga mashine ikakataa. Skrini nyeusi: faili la mfumo halipo. Nikakumbuka ulivyonieleza kwamba ulilitoa kwenye mashine yako mwenyewe kabla haijafa. "Bila hii loho, nyabo," ukiniita bibi kwa Kiganda chako, "mashine ni sanduku tu."

Basi nikatafuta "roho". Hakuna. Nikafungua folda moja moja: nyimbo za kanisa, picha za pikipiki ambayo hukuwahi kuinunua, folda inaitwa "mpya" na ndani yake nyingine inaitwa "mpya kabisa". Mtu gani anatunza vitu hivi? Nikaifokea kompyuta kwa sauti yako: "Iko wapi hiyo loho?" Nikasikia nilivyolitamka hilo neno. Nikaandika kwa l.

Ilikuwepo.

Miaka yote nimekusahihisha! "Ni roho, Kato." Nawe: "Si ndiyo nasema, loho!"

Bado ikakataa. Programu inataka faili liitwe jina lake kamili, herufi kwa herufi, likae kwenye folda yake. Nikatoa nakala, nikaipa jina linalotakiwa. Loho yako sijaigusa.

Ikawaka. Ikapiga ule mlio uliokuwa ukiuimba ukifungua kibanda. Nililia, Kato, nimekukosa mno. Kisha wachezaji wakajipanga, na namba tisa, mshambuliaji uliyempa jina langu mimi Furaha, ameandikwa FULAHA.

Hata jina langu!

Haya, pumzika. Fainali nitaicheza Jumapili, na sitabadilisha hata herufi moja. Akifunga, nitamtangaza jinsi ulivyokuwa ukimtangaza, mtaa mzima usikie.

Ni mimi,
Fulaha