Festus Mukhisa, Mashine Yako ya Mto Kuywa Itasaga Tena

Mwaka mzima umepita, Baba Nanyama, tangu Ijumaa ile ya tarehe 14 Machi 1952 ulipotoka nyumbani alfajiri kwenda kufungulia maji kwenye mashine yako ya kusaga, pale mtoni Kuywa. Hukurudi kwa miguu yako.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo na mikono mikubwa. Kazi ya mawe ya kusagia ulijifunza miaka tisa kwa mzungu huko Kitale, ukarudi kwetu Bungoma na mawe mawili juu ya gari la ng'ombe, siku tatu njiani. Watu walicheka, "Mukhisa alienda Kitale kutafuta mali, amerudi na mawe!" Mwaka uliofuata hao hao walikuwa kwenye mstari na magunia yao.

Kila asubuhi ulisali kwanza, umesimama, kofia mkononi. Wajane hukuwaweka kwenye mstari. Mama Cherop, anayeshuka kutoka mlima Elgon na nafaka yake ya wimbi, alipenda kukuchokoza. "Wewe Mukhisa, mashine yako inakula kuliko bwana wangu. Nimeleta debe, narudi na nusu!" Nawe ukamjibu, "Basi mlete huyo bwana, mama, tumpime naye." Alicheka mpaka akakaa chini.

Na ulifundisha watu kazi ya mashine. Yeyote aliyeuliza ulimwonyesha, hukumficha kitu. Mimi mke wako nilikuuliza siku moja, "Ukiwafundisha wote, wewe utabaki na nini?" Ukasema, "Nitabaki na siku ya kupumzika."

Ijumaa ile nilikuletea uji kama kawaida. Ukifika pale kilimani, unaisikia mashine kabla hujaiona. Sikusikia kitu. Nilikukuta umelala kando ya jiwe, umepigwa kisogoni.

Hapo ndipo nilipokosea, na leo nakiri mbele ya wasomaji wote. Kwetu maiti haachwi mchafu, na damu ya mtu haiachwi ikanyagwe. Niliita majirani. Tukakuosha, tukamwaga maji sakafu nzima, tukafagia mpaka njiani huku tunaimba. Askari walipofika saa nane, mkubwa wao alitazama chini akauliza, "Nani amefagia hapa?"

Nikasema, "Ni mimi, bwana."

"Mama," akasema, "umefagia nyayo zote za muuaji."

Neno hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Lakini kuna kitu ambacho ufagio wangu haukugusa. Mlango wa maji, ule ubao wa kuzuia maji yanayozungusha jiwe, ulikuwa umefungwa, na lile sanduku la juu la kumiminia nafaka lilikuwa na wimbi la Mama Cherop, nusu halijasagwa. Wewe, kwa miaka kumi na minne, hukufunga maji hata mara moja kukiwa na nafaka kati ya mawe. Ulisema jiwe likinyamaza na chakula mdomoni, kuliamsha ni kazi ya siku nzima. Basi aliyefunga si wewe. Na mgeni hawezi kuufunga mlango ule, maji yatamvuta aanguke. Lazima ushike ubao kwa mikono miwili, huku mguu wa kushoto unasukuma kigingi. Aliyefunga alifundishwa, na mwalimu ulikuwa wewe.

Niliwaambia askari, wakaandika. Waliuliza watu wengi. Mpaka leo hakuna aliyeshikwa, wala sababu hatuijui.

Tangu hapo watu wanapaogopa. Njia imeota nyasi. Wanazunguka mbali na mizigo kichwani, ati ukipita hapo unasikia mtu anakohoa. Mimi nimeenda kila Jumatano, nimekaa na Biblia yangu, na sijasikia mtu akikohoa ila mimi mwenyewe.

Mwezi wa Januari kaka yako Hiram alikuja na wazee. Akasema, "Mama Nanyama, mahali palipokunywa damu hapasagwi chakula. Tubomoe hii nyumba, mawe tuyaviringishe mtoni, tupumzike."

Nikamwuliza, "Shemeji, tukibomoa, atakayepumzika ni nani? Ni mimi, au ni yule aliyemuua?"

 Mzee mmoja akanung'unika, "Huyu mwanamke ni mgumu sana."

"Si aliolewa na mtu wa mawe?" Hiram akamjibu. Wakacheka, na maneno yakalegea.

Hiram alichinja kondoo wake kupatakasa mahali pale, kama desturi inavyotaka, na mwalimu wa kanisa akaja akaomba. Sikumkataza mmoja wala mwingine. Mungu anajua mimi nilimwomba nani.

Halafu tulianza kazi. Nanyama wako alikuja kutoka Kitale, yeye na Hiram wakanisaidia kuinua jiwe la juu. Nimelichonga mimi, kwa tindo lako na nyundo yako, wiki tatu. Kucha mbili zimeng'oka. Mifereji ya jiwe haikunyooka kama yako, utanisamehe. Mlango wa maji nao umenitupa mtoni mara mbili, mimi niliyekutazama ukiufunga miaka yote hiyo. Nanyama alicheka hadi akashika mti. Nilipotoka majini nilikuwa nimelowa chapachapa, na nilikuwa na hakika kuliko zamani kwamba aliyeufunga siku ile ulimfundisha wewe.

Jumamosi hii, tarehe 14 Machi, baada ya sala, nitafungulia maji. Leteni mahindi, leteni wimbi. Mama Cherop ameapa kuwa wa kwanza.

Na ninyi mliofundishwa na Mukhisa, nawaita kwa heshima. Sina nguvu ya kufunga ule mlango. Nawaomba mje mnifungie, kila mtu na jioni yake, kwa zamu. Majina yenu ninayo, mko kumi na mmoja. Asiyekuja, nitajua hakuja. Anayekuja, nitasimama karibu naye nimtazame mikono, kisha nimtazame uso, kisha nimpe uji. Kumi kati yenu hamna la kuogopa. Mimi sina haraka. Bwana amenipa subira, na macho yangu bado ni mazuri.

Tunaokukumbuka ni mimi mke wako, Dinah Nekoye. Binti yako Nanyama na mume wake Wekoye, wa Kibomet, Kitale. Kaka yako Hiram na nyumba yake yote, Lugulu. Dada yako Naliaka, wa Kibabii. Na Mama Cherop, ambaye si wa ukoo lakini amekataa kuachwa nje.

Maadamu tuna pumzi, Mukhisa, utatajwa kwetu kila siku.