Uso wa Sarafu ya Terina

Mdogo wangu Mirto,

Pokea salamu zangu kutoka Terina. Vipi miguu, bado inavimba? Mumeo hajambo? Sisi huku tu wazima, na mama bado anagombana na kuku wa jirani. Barua yako nimeipata. Unasema umefurahi nilivyokualika uje ujifungulie kwangu, na kwamba umeshaanza kufunga mizigo. Jibu langu utalipata, ila nivumilie kwanza.

Bila shaka habari za fedha yetu mpya zimefika huko Kroton. Wakuu wa mji walimpa mume wangu Eukrito kazi ya kuchonga muhuri wa kupigia sarafu, wenye uso wa Terina, mungu wetu wa chemchemi aliyeupa mji jina. Sarafu zilipotoka, mji mzima uliapa kwamba ni mimi. Kule kwenye maji wanawake walinipisha niteke kwanza: “Mpisheni mungu, asije akatukaushia maji!” Nami kichwa kikavimba, sikufichi. Nikaanza kufunga nywele nyuma kama yule wa kwenye sarafu, mwanamke mzima na akili zangu.

Juzi nilikwenda kwa Simo muuza samaki. Unamjua, chenji zake huziweka shavuni. Alinitemea moja kiganjani huku akicheka: “Haya shemeji, chukua uso wako, nimeshauosha!” Fedha ilikuwa imelowa, jua likaipiga, nikaiona vizuri kwa mara ya kwanza. Ndewe ya sikio ina pengo.

Masikio yangu ni mazima, Mirto. Aliyeng'atwa na bata bukini utotoni ni wewe. Mama akikusuka alifunga mlango kwanza, na mwenyewe uliniambia kwamba hata mumeo hakuliona sikio hilo hadi usiku wa harusi. Basi Eukrito aliliona wapi?

Nilimwekea sarafu ile juu ya sahani yake ya dengu. Hakukana. Alisema ni tangu ule msimu wa zeituni ulipokaa kwetu, kabla hujaolewa. Kisha akalia, akataka mimi ndiye nimbembeleze! Nilimwacha na dengu zake zipoe. Nina hasira naye, lakini wewe umeniuma zaidi, maana mume nilitafutiwa, wewe nilikubeba mgongoni.

Sasa sikia. Muhuri ule umepasuka, na wakuu wanataka mwingine wenye uso uleule. Kila Eukrito akianza kuchonga, anakwama. Mwaliko ulioupata aliutuma yeye kwa jina langu. Mimi sikukuita.

Usije. Jifungulie huko kwa mama mkwe wako, hata kama ana mdomo. Mafuta ya kukandia mgongo nimeyatuma kwa huyu aletaye barua, na nguo za mtoto nimezishona mwenyewe. Ziko safi, zivishe bila wasiwasi.

Wakuu wameahidiwa kwamba nitakaa mimi mbele yake anichonge, kama wanavyodhani nilivyofanya mwanzo. Kwa hiyo kila asubuhi nakaa dirishani, nywele nyuma, masikio wazi. Ananitazama mpaka jua linatua, na chuma cha muhuri bado ni kitupu.

Msalimie mumeo, wala usimwambie lolote. Mungu akufungue salama.

Ni mimi dada yako,
Filina